Shimba na Uwanja wa Hapana

Nianze kwa kusema wazi kwamba mimi ni Mgalu, na baba yangu alikuwa Mgalu. Kama unatafuta mtu wa kukusimulia habari hii bila kupendelea upande, nenda kamtafute padri, tena awe padri mgeni, maana wa hapa hapa nao wana pande zao.

Huku kwetu Usukumani kila mcheza ngoma ana upande: kuna Bagalu na kuna Bagika. Baada ya mavuno makundi mawili hushuka uwanja mmoja, yakacheza kwa wakati mmoja, kila moja na ngoma zake. Hakuna jaji wala maksi. Watazamaji wanazunguka, wanasikiliza huku, wanachungulia kule, na jua likishainama, kundi lililozungukwa na watu wengi ndilo limeshinda. Kwa hiyo manju, yaani yule anayeongoza kundi, hawezi kutegemea kuimba peke yake. Lazima awe na kituko cha kuvuta watu. Wapo walioleta fisi wa mti anayetikisa mkia, wapo waliojiviringishia chatu shingoni, na kuna manju mmoja wa Misungwi aliyeshuka uwanjani amevaa kitanda. Usiniulize alikivaaje. Nilikuwepo na bado sijui.

Manju wetu Bagalu wa Kigongo, pale pantoni inapoanza kuvuka kwenda Busisi, alikuwa Shimba Masalu. Kwa kazi alikuwa mfyatua matofali. Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila aliyeuza pamba au samaki alitaka nyumba ya matofali ya kuchoma, na Shimba alikuwa akikanyaga udongo tangu asubuhi, mrefu, mwembamba, ana miguu mikubwa ajabu, huku anaimba nyimbo anazozitunga papo hapo. Wateja walilalamika kwamba wimbo ukinoga, matofali yanapinda. Mimi nilikuwa naziba pancha kivukoni, na siku za ngoma nilikuwa mpigaji wake. Nasema bila kuona haya: sijapata kuona manju mwenye nyimbo nzuri kumzidi Shimba, wala sijapata kuona manju aliyeshindwa mara nyingi kama yeye.

Aliyekuwa anamshinda ni Ngosha, manju wa Bagika. Mnene, majivuno yamemjaa, sauti ya kukwaruza, na nyimbo zake zote zilikuwa za kujisifu yeye mwenyewe. Lakini Ngosha alikuwa na dada anayeitwa Paskazia, na Paskazia alikuwa na kigelegele. Akikipiga Kigongo, watu wa Busisi ng'ambo ya maji wanasimama na kuulizana kuna nini. Wala sitii chumvi. Siku moja pantoni ilikatisha safari ikarudi gatini, nahodha akidhani kuna abiria ametumbukia.

Na huyo Paskazia ndiye aliyekuwa mke wa Shimba.

Shimba alipokwenda kuposa, baba mkwe aliwapokea ng'ombe, akawakagua meno mmoja mmoja, kisha akasema, "Ng'ombe hawa wanatosha mke. Sauti yake hawaitoshi. Siku za ngoma binti yangu atasimama na ndugu zake Bagika." Shimba alikuwa kijana na alikuwa amependa. Siku ile hata wangemwambia aache pua yake pale angekubali.

Tangu hapo kila baada ya mavuno ilikuwa aibu ile ile. Asubuhi Paskazia anampikia mumewe uji, anamfunga njuga miguuni, anamwambia, "Kacheze vizuri, baba Suzana." Kisha anajitanda kanga yake, anakatiza uwanja, anasimama nyuma ya kaka yake, anafungua mdomo, na watu wanatukimbia wote. Jioni anarudi nyumbani kumkanda mumewe miguu kwa maji ya moto. Shimba hakuwahi kumlaumu, maana neno lilikuwa neno. Lakini nilikuwa namwona anavyogeuza shingo upande ule kila kigelegele kinapolia. Kilikuwa kinamuuma. Alitamani kimlilie yeye, walau siku moja.

Julai ya mwaka tisini tulipigwa vibaya kupita miaka yote. Aliyebaki kututazama alikuwa mlevi mmoja wa kivukoni, naye alikuwa amelala. Ngosha akaja kutucheka mbele ya watu, na Shimba hasira zikampanda.

"Shemeji," akasema, "tukikutana tena uwanjani ukinishinda, nakupa ngoma yangu kubwa. Na umanju naacha."

Ngoma hiyo aliichonga babu yake Shimba kwa gogo moja, na hakuna nyingine iliyolia vile upande wetu wa ziwa. Ngosha akaipigapiga kwa kidole, akasema itamfaa sana kuhifadhia mtama. Tukajipa moyo kwamba tuna mwaka mzima wa kujiandaa. Tulikuwa tumesahau kwamba Oktoba kuna uchaguzi.

Kwa vijana wasiokumbuka: enzi hizo chama kilikuwa kimoja na mgombea urais alikuwa mmoja, naye ni yule yule rais aliyekuwa madarakani. Upande mmoja wa karatasi ya kura kulikuwa na picha yake, hapo ni Ndiyo. Upande wa pili kulikuwa na kivuli cheusi kisicho na uso, hapo ni Hapana. Hakuna aliyekosa usingizi akijiuliza nani atashinda. Wala hatukuwa na ugomvi na mtu. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya kufulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, na sasa duka la Sadru pale Misungwi lilikuwa na sabuni za kila rangi mpaka mama zetu wanagombana kuchagua.

Aliyekosa usingizi alikuwa Katibu Kata wetu wa Chama, Ndugu Obedi. Alikuwa Mjita, mtu mpole na mchapakazi, kalamu mbili mfukoni wakati wote, na alihamishiwa kwetu mwezi wa Agosti, ngoma za mavuno zikiwa zimekwisha. Hakuwahi kuziona. Wakubwa walimwagiza afundishe wananchi kupiga kura bila kuharibu karatasi, akawaza, akapata wazo, na lile wazo likampendeza kupita kiasi. Akawaita Shimba na Ngosha ofisini. Nami nikamsindikiza manju wangu.

"Ndugu zangu," akasema, "wananchi wa hapa wanapenda ngoma. Tutasimamisha mabango mawili uwanjani, moja la Ndiyo lenye picha ya Rais, lingine la Hapana lenye kivuli. Kundi moja litacheza chini ya Ndiyo, kundi lingine chini ya Hapana. Watu wataona kwa macho yao kwamba kuna pande mbili na kila mtu anachagua. Mgeni rasmi kutoka wilayani atakuja kushuhudia."

Msukuma yeyote mwenye huruma angemwambia asubiri kwanza. Ngosha akatabasamu mpaka macho yakafumba. "Wazo zuri sana, Ndugu Katibu."

"Makundi yote mawili?" Shimba akauliza. "Uwanja mmoja?"

"Na kwa wakati mmoja. Si ndivyo mnavyofanya?"

"Ndivyo," Shimba akasema kwa unyonge.

Obedi akatoa shilingi mfukoni. Kikitokea kichwa cha Rais, Ngosha anachukua Ndiyo. Akairusha, ikadunda mezani, na kichwa cha Rais kikalala pale kinamtazama Ngosha. Hapana ikawa yetu.

Jioni ile ile mama mwenye nyumba aliyopanga Obedi akamweleza jinsi ngoma zetu zinavyohukumiwa. Asubuhi nikamkuta kwa Shimba, kwenye matofali, ameketi na uso umemsinyaa.

"Shikamoo, mzee Shimba."

"Marahaba, Ndugu Katibu. Umekalia tofali bichi."

"Niache tu. Nimeambiwa kwamba kundi lenye watu wengi ndilo linaloshinda."

"Ndivyo."

"Sasa mgeni rasmi akifika akakuta watu wamejaa kwako?"

"Nitakuwa nimemshinda Ngosha," Shimba akasema, na nikaona macho yanamng'aa.

"Itakuwa Hapana imeshinda Kigongo, mzee wangu! Nitarudi Majita kwa miguu, na watoto mgongoni!"

"Si uahirishe."

"Wilaya imeshapewa taarifa. Gari limeshatengwa. Mzee, nakuomba, ushindwe."

Shimba akaacha kukanyaga udongo. "Ndugu Katibu," akasema, "kushindwa nakujua. Nashindwa tangu nilipooa. Lakini sijawahi kushindwa kwa kukusudia, hata sijui mtu anaanzia wapi. Halafu nikishindwa, ngoma ya babu yangu inakwenda kujazwa mtama."

Obedi hakuwa na habari za ngoma wala mtama. Alipoelezwa akashika kichwa, na midomo ikaanza kumtetemeka. Sasa Shimba alikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: hakuweza kumtazama mtu mzima akilia.

"Haya, haya," akasema haraka. "Nenda kabadilishe suruali. Nitashindwa."

Nilimkasirikia siku nzima. Hata hivyo nilimfuata kwenye pantoni tukavuka Busisi kwa mganga wetu, bibi aliyekuwa akitupa dawa ya kuvuta watazamaji kila mwaka. Dawa yake haikufanya kazi hata mara moja, lakini sisi hatukuwa watu wa kuhamahama. Shimba akamweleza kwamba safari hii anataka dawa ya kufukuza watu.

"Hiyo sina," bibi akasema. "Sijawahi kuombwa. Labda kamuulize mtoza kodi."

Siku ya mkutano ikafika, Jumamosi yenye jua kali, wiki moja kabla ya kura. Watu walikuja kutoka kila kitongoji, maana ngoma nje ya msimu ni jambo la nadra. Bango la Ndiyo lilipendeza, picha imezungushiwa maua ya karatasi. Bango la Hapana lilichorwa kwa lami na fundi rangi wa kivukoni, naye, kwa sababu hakuambiwa kivuli kiwe cha nani, alikipa tumbo kubwa na shingo fupi. Kila aliyepita alisema ni Ngosha.

Shimba alitukataza njuga, manyoya na kila kitu. Akaweka kigoda chini ya kivuli, akaketi, akaniambia, "Mihayo, piga kama mtu mwenye malaria." Nikapiga hivyo, moyo unaniuma. Wacheza wetu wakasimama mikono nyuma kama watoto waliofukuzwa darasani. Kule kwa Ngosha lilikuwa vumbi, majembe yanarushwa juu na kudakwa, na juu ya yote kigelegele cha Paskazia. Watu wote walikuwa kule. Obedi, aliyesimama katikati ya uwanja, akajifuta jasho na kuninyanyulia dole gumba. Mambo yalikuwa yanatuendea vibaya kama tulivyopanga.

Kisha Shimba akapiga mwayo.

Mwanamke mmoja muuza ndizi akamwona. "Mbona Shimba amekaa?" akauliza.

"Manju hakai bure," mwenzake akamjibu. "Huyo ana kituko."

"Kitakuwa chini ya kigoda."

Wakaja kutazama. Nyuma yao wakaja wengine kutazama wale wanatazama nini. Shimba akaona awachoshe ili waondoke. Akaagiza maji kwenye karai, akaanza kuosha miguu yake, taratibu, kidole kwa kidole. Wakasogea. Alipomaliza wakabaki wamekodolea karai, wakingoja kitokee kitu ndani ya maji. Akaona isiwe tabu, akafunua chakula alichofungiwa na mkewe, ugali na dagaa, akaanza kula. Neno likapita uwanja mzima.

"Anakula!"

"Anakula nini?"

"Ugali!"

"Ngojeni, ugali huo una kitu. Shimba si mjinga."

Hapa inabidi uelewe akili za watu wetu. Manju anapimwa kwa jambo ambalo hujawahi kuliona. Fisi tulishamwona, chatu tulishamwona, kitanda tulishakiona. Manju anayeshuka uwanjani na asifanye lolote tulikuwa hatujamwona, na kadiri alivyozidi kutofanya lolote ndivyo kila mtu alivyozidi kuamini kwamba kinachokuja ni kikubwa. Watu wakaanza kusukumana. Wanaume wazima wakapanda juu ya baiskeli zao waone tonge linavyokwenda mdomoni.

Shimba akasimama, tonge mkononi, jasho linamtiririka. "Jamani, nawaombeni!" akapaza sauti. "Nendeni kule! Hapa hakuna kitu!"

Wakapiga makofi. "Anasema hakuna kitu!" mtu mmoja akapiga kelele, akicheka mpaka anashika mbavu, na wa mwisho waliobaki kwa Ngosha wakaja mbio wasikose.

Kule Ngosha alikuwa akiruka peke yake. Kigelegele kikalia mara moja, kikalia tena, kisha kikakatika. Nikaona watu wanampisha mtu. Alikuwa Paskazia. Tangu aolewe hakuwahi kukanyaga upande wetu siku ya ngoma, na sasa alikuwa amesimama mbele ya mumewe, mikono kiunoni.

"Baba Suzana," akasema, "unafanya nini?"

"Nashindwa," Shimba akasema.

Paskazia akatazama ule umati, akatazama bango, akamtazama mumewe na tonge lake. Akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini vumbini, akampokonya sahani, akala tonge moja naye. Nilipiga ngoma ile maisha yangu yote na sikuwahi kumwona Shimba na uso ule. Alisahau kabisa kwamba alitakiwa kushindwa.

Wakati huo huo vumbi likaonekana barabara ya Misungwi. Ilikuwa Landrova ya mgeni rasmi.

Obedi alisimama katikati ya uwanja uliokuwa mtupu, kushoto kwake picha ya Rais na Ngosha akihema peke yake, kulia kwake Kigongo nzima imejazana chini ya Hapana. Alitoa kalamu moja mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Mzee, usisogee," nikamnong'oneza Shimba. "Tumeshinda! Kwa mara ya kwanza tumeshinda. Mjita ajitetee mwenyewe, ndiye aliyeleta mabango."

Hayo ndiyo niliyosema, na mpaka leo naona nilikuwa na haki. Shimba alimtazama Obedi kwa muda mfupi. "Ana watoto yule," akasema. Akajifuta mkono kwenye suruali, akajitundika ngoma kubwa shingoni, akaanza.

Sikuwahi kumwona anacheza vile. Miguu ile mikubwa ilitua ardhini kwa pamoja na ngoma, na wimbo ulitoka wenyewe, wimbo wa mtu aliyekaribisha wageni akakosa mahali pa kuwakalisha, ikabidi awahamishie kwa shemeji yake. Umati ulilipuka. Hiki ndicho walichokuwa wakikingoja! Akaanza kurudi kinyumenyume huku anawaita, akakatiza uwanja, nao wakamfuata wote, wanaimba, wanakanyagana, wakapita pande zote mbili za Obedi, wakammeza Ngosha na kundi lake. Landrova iliposimama, Kigongo nzima ilikuwa inaruka chini ya picha ya Rais.

Mgeni rasmi akashuka anapiga makofi. "Kigongo hamna mchezo!" akasema. Kisha akatazama upande wa pili. Chini ya Hapana, peke yake, sahani mkononi, alikuwa amesimama Paskazia. Hakuwa amesogea hata kidogo.

"Na yule mama?"

Obedi akawahi kujibu. "Yule anaosha vyombo, Ndugu Mgeni Rasmi."

Hotuba zilipokwisha na gari likaondoka, Ngosha akaja na kicheko chake. "Shemeji, watu wamemalizikia wapi? Kwangu. Nani asiyejua sheria? Nipe ngoma."

Nilimrukia, wakanishika. Lakini sheria ndivyo ilivyo, watu wanahesabiwa wanapomalizikia. Shimba hakubisha.

"Utaichukua siku ya matokeo," akasema, "watu wote wakiwepo. Niliahidi mbele yao."

Njiani kurudi nyumbani alimuuliza mkewe kwa nini hakuvuka na wenzake.

"Mimi si pantoni, nivuke na kurudi," Paskazia akasema. "Miaka yote nimesimama kule kwa sababu ya neno la baba. Leo miguu imenileta kwako yenyewe. Ningerudije kwa kaka?"

Wiki iliyofuata tukapiga kura. Mimi niliweka alama yangu kwenye Ndiyo, tena kwa kukandamiza, kwa heshima ya sabuni. Baadaye redio ikatangaza kwamba Rais ameshinda tena, na kwa kishindo, jambo ambalo halikumwangusha mtu kitini. Kisha Obedi akatuita uwanjani atusomee matokeo ya kituo chetu. Shimba alikuja na ngoma, ameifuta vumbi na kuipaka mafuta. Ngosha alikuja na baiskeli na mpira wa kufungia mzigo, mpira niliomkatia mimi mwenyewe kutoka kwenye tyubu kuukuu. Nilimkatia uliochoka.

Obedi akasoma kura za Ndiyo, watu wakashangilia. Akasoma kwamba zilizoharibika hakuna, na hapo akatulia kidogo ili tumpigie makofi, tukampigia. Kisha akapunguza sauti.

"Hapana, mbili."

Kura ni siri, lakini vichwa vyote vilimgeukia Paskazia, naye alikuwa ameinamisha uso. Moja kila mtu aliijua ni ya nani. Lakini mbili? Mwenyewe alikuwa akingoja isomwe moja. Akanyanyua kichwa polepole, akamgeukia mumewe. Shimba alikuwa anaitazama pantoni utadhani ndiyo mara ya kwanza anaiona.

"Baba Suzana. Ni wewe?"

"Kura ni siri," Shimba akasema.

"Rais amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Sabuni yake naogea kila siku." Akahangaika na ukanda wa ngoma. "Nilikuacha pale, mama Suzana, peke yako, mbele ya mgeni rasmi, umeshika sahani. Niliumia sana. Nikasema mara ya pili sikuachi."

Paskazia akavuta pumzi. Nilijua kinachokuja na bado kilinitetemesha. Kigelegele kile, ambacho tangu ujana wetu kilikuwa kikitupiga kutoka upande wa pili wa uwanja, kikalia pale pale tulipokuwa, kirefu, hakikwishi. Pantoni iliyokuwa imefika katikati ya maji ikapunguza mwendo.

"Mama!" Obedi akapiga kelele. "Mama, hiyo ni Hapana!"

"Nimesikia," Paskazia akasema, akapiga kingine.

Ngosha alikuwa ameshainama kufunga ngoma kwenye baiskeli. Akanyanyuka. Maisha yake yote kigelegele kile kilipigwa nyuma ya mgongo wake, na sasa kwa mara ya kwanza kilikuwa kinamjia usoni. Akasikiliza mpaka mwisho. "Kumbe ndivyo kinavyosikika huku," akasema taratibu. Akaanza kuufungua mpira wangu, nao ukakatika kama nilivyotarajia. "Kaa na ngoma yako, shemeji. Mtama nitautia kwenye debe."

Akasukuma baiskeli yake tupu akaondoka. Watu wakabaki wametukodolea macho, wengine wakiamini hicho nacho ni kituko. Shimba akamsogelea mkewe.

"Umempigia nani?" akauliza. "Rais au mimi?"

"Rais ana nchi nzima ya kumpigia," Paskazia akasema. "Wewe una nani?"

Shimba akajitundika ngoma shingoni, wakashika njia, na jioni ile nyumbani hakuna aliyemkanda mwenzake miguu, kwa sababu walikwenda wanacheza wote wawili, tangu uwanjani mpaka mlangoni, wakachoka sawa.